Dairekta wa muvi ya Kashmir, anza na mtu wa Kashmir

Kama kuna dairekta wa Mumbai anataka kutengeneza muvi ya ekshen na anafikiria kuiweka Kashmir, lile eneo India na Pakistan wanaligombania, mi ningemwomba kitu kimoja tu kabla hajatafuta steringi: amtafute mtu wa kulekule ampe kalamu. Sisemi mshauri wa kuitwa siku mbili aangalie nguo zimevaliwaje, hapana, namaanisha aandike skripti.

Watu wanabishana sana kuhusu lokesheni, oh ameshuti wapi, oh si pale penyewe. Uri, muvi ya ekshen ya 2019 ya Aditya Dhar kuhusu wanajeshi wa India, sehemu kubwa ilishutiwa Serbia na mi sina kesi na hilo, mpakani kule majeshi ya India na Pakistan yanaangaliana kwa bunduki, nani atakuruhusu ulipue mabomu ya sinema? Na vile steringi Vicky Kaushal na kikosi chake wanavyoingia usiku imefanywa vizuri mno, moyo unadunda. Shida yangu ni kwamba muvi inaisha hujakaa na mwananchi hata mmoja wa Kashmir ukamjua, wanapita tu.

Na kwenda penyewe nako hakutoshi. Kabir Khan alibeba kru yake akaishuti Kabul Express ndani ya Afghanistan kabisa, Taliban wanatoa vitisho na wao wanaendelea na kazi, huo ujasiri mi nauheshimu sana. Imetoka 2006, haijakaa sawa serikali ya Afghanistan ikaipiga marufuku kwa sababu kuna maneno mle yanawatukana Wahazara, moja ya makabila ya kulekule. Yaani umehatarisha maisha ya watu wote wale halafu mwenyeji anakaa kuiangalia anakuta katukanwa kwao. Mtu mmoja wa jamii ile kwenye skripti angeliona hilo mapema sana.

Sasa angalia Haider ya 2014. Vishal Bhardwaj alichukua Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, akaipeleka Kashmir ya miaka ya 90, ila aliandika na Basharat Peer, mwandishi wa habari ambaye ni Mkashmiri. Kuna jamaa mle kasimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, haingii, anabembelezwa wapi. Mpaka anatokea mwigizaji Irrfan Khan, anampapasa mwili mzima kama askari wa kizuizini, anamdai kitambulisho, ndo jamaa anaingia ndani kwake! Amezoea kukaguliwa kila anapokwenda hadi bila kukaguliwa miguu haiendi. Na anayeigiza hapo ni Peer mwenyewe. Hakuna risasi hata moja kwenye ile sini ila mi mwili ulisisimka kuliko kwenye mlipuko wowote, na sidhani kama mtu aliyekaa hotelini Mumbai angeitunga. Halafu yule mwigizaji Tabu, mama yake Haider mle, mume kachukuliwa na wanajeshi na hajui kama yeye ni mjane au bado ni mke wa mtu, hapo wewe unataka suspensi gani tena? Mwisho kule makaburini kwenye theluji bunduki zinapolia, kila anayeanguka unamjua, inauma.

Sisi huku tuliokulia kwenye vibanda umiza Kashmir tunaijua kwa theluji, nyimbo na magaidi basi, na siwezi kutulaumu maana ndo tulichoonyeshwa. Ila mi nadhani uvivu huu umelelewa na kitu kingine. Majumba ya sinema kule yalifungwa karibu 1990, wapiganaji walipoanza kupigana na serikali ya India, kwa vitisho vya wapiganaji haohao, na 1999 walipojaribu kufungua tena moja likarushiwa guruneti. Kwa hiyo miaka nenda rudi Mumbai walikuwa wanatengeneza picha kuhusu watu ambao hawana hata ukumbi wa kukaa wakazizomea. Tangu Septemba 2022 Srinagar, mji mkubwa wa Kashmir, wana sinema kubwa ya kisasa, so hiyo muvi yako wataiona na wao, Ijumaa ileile unayoiachia Mumbai.