Kanuni nyingi au chache: nani anaubeba mzigo mezani?

Meza za Dungeons & Dragons ninazozijua hapa Mombasa, kuanzia Tudor hadi Nyali, hazikosi ubishi mmoja: tucheze kwa kanuni za zamani au za sasa? Wa upande wa kwanza wanasema vitabu vipya vimejaa kanuni hadi mchezo wenyewe hauonekani. Wa pili wanajibu kwamba kanuni za zamani zina mapengo kila mahali, na msimamizi anaamua apendavyo. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande umeshika nusu ya jambo. Kurasa si kipimo cha uzito wa mchezo. Tuangalie uzito huo umemwangukia nani.

Kwa asiyeujua mchezo: wachezaji wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja ana mhusika wake, mpiganaji, mchawi au mwizi. Msimamizi anaeleza wanachokiona, wao wanasema wanafanya nini, na penye shaka dadu inarushwa. Ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa vijitabu vitatu vidogo ndani ya boksi moja.

Tuanze kwa kusema kwamba hiyo "zamani" si kitu kimoja. Vijitabu vya 1974 vilikuwa na mapengo mengi, na kila kundi liliyaziba kwa namna yake. Kati ya 1977 na 1979 Gygax akatoa vitabu vikubwa vya toleo la Advanced ili meza zote zifuate utaratibu mmoja, na humo mna jedwali la kila silaha dhidi ya kila aina ya deraya. Mtu akiniambia kanuni za zamani zilikuwa nyepesi, namwomba alifungue jedwali hilo kwanza. Lakini mwaka 1981 likatoka boksi la wanaoanza, lililohaririwa na Tom Moldvay, na kitabu chake kina kurasa 64 tu. Mara nyingi wanaoisifu zamani wanakisifu kitabu hicho, au michezo ya karibuni iliyojengwa juu yake kama Old-School Essentials.

Halafu kuna ugumu ambao ni sura tu. Chukua mpiganaji wa ngazi ya 5 katika toleo la pili, la 1989. Namba yake ya kushambulia, ile inayoitwa THAC0, ni 16. Adui amevaa deraya ya minyororo na ana ngao, kwa hiyo ulinzi wake ni 4, maana wakati ule namba ndogo ndiyo iliyokuwa ulinzi bora. Unatoa 4 kwenye 16, unapata 12: dadu ya pande 20 ikionyesha 12 au zaidi, umempiga. Sasa igeuze kwa mtindo ulioanza na toleo la tatu mwaka 2000. Adui ana ulinzi 16, wewe unaongeza 4 kwenye dadu yako. Bado unahitaji 12. Nafasi ya kumpiga ni ileile, asilimia 45. Kilichobadilika ni kwamba kujumlisha kumechukua mahali pa kutoa, na anayeanza haulizi tena kwa nini ulinzi mzuri una namba ndogo. Hapa siwezi kuwatetea wa zamani hata kidogo.

Wanapokuwa na haki ni pale mhusika anapotengenezwa. Mchawi wa ngazi ya 1 katika kitabu cha 1981 ana uchawi mmoja, anautumia mara moja kwa siku, basi. Mchawi wa ngazi hiyohiyo katika toleo la tano, la 2014, ana vichawi vitatu vidogo visivyoisha, ana kitabu chenye sita vingine, kila siku anachagua atakavyoviandaa kati ya hivyo, ana nafasi mbili za kuvitumia, na akipumzika kidogo anaweza kurudisha sehemu ya nguvu hizo. Mpe mgeni aliyekuja Jumapili alasiri kuonja mchezo. Jua litatua bado anajaza karatasi ya mhusika, na wenzake washachoka kumngoja.

Wa kisasa watajibu kwamba mchawi wa 1981 akishatumia uchawi wake mmoja hana la kufanya ila kujificha nyuma ya mpiganaji, na akipigwa upanga mara moja huenda akafa. Ni kweli. Kanuni zilizoongezwa zilikuja kujibu kero kama hiyo, na mchezaji anazipata kama mambo anayoweza kufanya bila kumwomba mtu ruhusa.

Ruhusa hiyo ndiyo kiini cha ubishi wote. Hebu tulitazame tukio moja kwa karibu. Mchezaji ana mpiganaji aliyepanda juu ya mlingoti wa jahazi, na chini yake yuko nahodha wa maharamia. Anasema: namrukia, namkaba shingo. Kitabu cha 1981 kinampa msimamizi ushauri mfupi: rusha dadu ya pande 20, isizidi namba ya uwezo wako. Nguvu zake ni 13, ametoa 9, nahodha kakabwa, na meza nzima inapiga kelele za furaha. Katika toleo la tatu jambo hilohilo lina hatua. Nahodha anapata kwanza pigo la bure kwa sababu umemwendea mikono mitupu, na akikuumiza jaribio limekwisha. Asipokuumiza, unarusha dadu kuona kama umemgusa. Ukimgusa, mnarusha wote wawili kushindana, na ukubwa wa mwili unaingia kwenye hesabu. Hapo lazima mtu ataomba kitabu.

Lakini kwenye meza ya kitabu cha 1981, wiki inayofuata mchezaji mwingine anaruka vilevile, na msimamizi, labda kwa uchovu, anamwambia arushe kwa nusu ya nguvu zake. "Kaka, mbona wiki jana mwenzangu ulimpa nguvu zake zote?" Swali hilo halina jibu ndani ya kitabu. Jibu liko kichwani mwa msimamizi, na ikiwa msimamizi ana rafiki wa karibu mezani, wengine wataliona jibu kwa jicho jingine. Toleo la tano la 2014 lilipita katikati: mnarusha mara moja kushindana, na panapokuwa na urahisi wa ziada mchezaji anarusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Naiona ni kanuni bora kuliko zote zilizoandikwa katika mchezo huu, kwa sababu imefuta nyongeza ndogondogo nyingi na mtu anaielewa papo hapo.

Kwetu kuna uzito mwingine ambao wabishi wa Marekani hawana haja ya kuujadili. Vitabu ni vya Kiingereza na meza inazungumza Kiswahili. Kanuni zikiwa nyingi na zimeandikwa, mwenye Kiingereza chepesi, au mwenye kitabu, ndiye anayegeuka hakimu. Kitabu cha mchezaji cha 2014 kiliuzwa dola 49.95 huko kwao, kabla ya gharama za kukisafirisha. Kwa hiyo anayesema kanuni zilizoandikwa zinawalinda wachezaji wote sawa hajakaa kwenye meza yenye kitabu kimoja na wasomaji wawili.

Huenda mtu akauliza kwa nini wazee wa barazani hawakwami kwenye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lina hatua mbili, namu na mtaji, lina nyumba yenye masharti yake, na wengi walijifunza kwa kukaa kando na kutazama bila kufungua kitabu. Ni mchezo mgumu kwelikweli. Ila kete haiwezi kuamua kuruka kutoka mlingotini. Kanuni za bao zinajitosheleza, na mkongwe anayeamua anafuata zile alizozikuta.

Nikiulizwa na kundi jipya, nawaambia waanze na kanuni za msingi za toleo la tano la 2014 ambazo hutolewa bure kwenye intaneti, zenye aina nne tu za wahusika, na kila uamuzi ambao msimamizi anautoa nje ya kitabu uandikwe kwa Kiswahili kwenye daftari linalokaa katikati ya meza. Uamuzi ulioandikwa unamfunga hata yeye Jumapili ijayo, na asiyejua Kiingereza anaweza kuusoma kwa sauti. Naijua hatari ya daftari hilo. Vijitabu vitatu vya 1974 vilianza kupata nyongeza mwaka 1975, na kufikia 1979 vilikuwa vimefika kwenye jedwali la silaha na deraya. Kwa hiyo kila miezi michache kundi lipitie daftari na kufuta lisilotumika, na kalamu ya kufutia ashike mchezaji, si msimamizi.