Hapana, Sikualikwa Kwenye Ile Harusi

Nyie mnaonitumia ile video ya harusini na kuniuliza nilichangia shilingi ngapi, nisikilizeni. Shemeji ameisambaza tangu jana usiku na maelezo yake mengi ni uzushi. Sikulewa. Na yule hakuwa ngisi, alikuwa pweza.

Wazo lilikuwa lake: tupunguze vitambi kwa kutembea ufukweni, kutoka diko la Kunduchi, pale wavuvi wanaposhusha samaki, mpaka Mbezi Beach. Tukafika maji yamekupwa, ngalawa zimelalia ubavu mchangani. Nikanunua pweza mzima. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akatuuliza safari ya wapi.

"Mbezi, mzee. Kwa miguu."

Akaziangalia raba zangu nyeupe. "Leo bamvua, wanangu."

"Tunajua, mzee," akajibu shemeji, mzaliwa wa Dodoma.

Watu wa pwani, msicheke bado. Bamvua ni siku za maji makubwa. Mwezi ulikuwa mpevu, na siku hizo hapa Dar maji hukupwa karibu saa nne asubuhi, halafu hujaa mpaka karibu saa kumi jioni, yakipanda zaidi ya mita 3. Saa nne hiyo sisi tulikuwa kwenye magofu ya kale ya Kunduchi, shemeji anapiga picha na makaburi yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina. Kisha akataka supu. Kisha akaongeza supu. Saa nane tuko njiani na mchanga umekwisha: kushoto bahari, kulia kuta za mahoteli. Maji magotini. Maji mapajani. Wimbi moja likanipapasa kitovu.

"Panda ukuta, shem," akasema, akanibeba mabegani. Kilo zangu mnazijua.

Hapa twende taratibu. Mguu wa kulia umeshavuka, wa kushoto bado uko upande wa bahari. Mfuko wa pweza nimeung'ata kwa meno maana mikono ina kazi. Nainua uso. Maturubai meupe. Viti vyenye vitambaa vya zambarau. Chini yangu kabisa, bwana na bibi harusi wameipa bahari mgongo, wanapigwa picha. Mpiga picha akashusha kamera. Mpambe akaziba mdomo. Bibi harusi akageuka, polepole, shela nalo likimfuata. Tukatazamana. Suruali ikasema praaa, kuanzia mshono wa nyuma.

Sasa mimi nimelelewa vizuri. Nimemwona mama mtu mzima amekaa mstari wa mbele, nikafungua mdomo niseme shikamoo.

Mfuko ukaanguka. Pweza akatoka, akatua kwenye pindo la shela, akatandaza mikono yote.

Kimya. Halafu MC, Mungu anamwona, akashika kipaza sauti: "Wajomba wa kutoka baharini wamefika, tena na zawadi yao! Vigelegele tafadhali!" Vikapigwa. Mimi bado niko juu ya ukuta, nusu uchi, napunga mkono.

Shemeji? Kumbe hatua chache mbele kulikuwa na geti wazi. Kaingia kwa miguu yake, simu mkononi, anarekodi.

Mlinzi akaja, nikashushwa, bibi harusi akacheka mpaka wanja ukamwagika, nikapewa pilau, nikapanda bajaji, basi. Pweza sikumdai.

Ila yule mama wa mstari wa mbele alinifunga khanga kiunoni na sikupata hata kumuuliza jina. Kama kuna anayeijua familia hiyo anielekeze. Nimeshaifua na kuipiga pasi.