Umelima Saa Moja, Ule Chapati Ngapi?

Siku hizi ukikaa na wafanyakazi wa mjini Mtwara, kuanzia Shangani mpaka Ligula, hukosi kumsikia mmoja akihesabu kalori za bustani. Kapalilia tuta la mchicha asubuhi kabla ya kwenda kazini, programu ya simu imemwambia amechoma mia mbili na ushee, basi jioni anajiongezea chapati kwa roho safi. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: kulima ni mazoezi, mazoezi hutumia nguvu, na nguvu iliyotumika irudishwe kwa chakula. Mimi namuunga mkono mpaka pale anapofika mezani. Hapo tunaachana.

Namba anazozitaja zina asili yake. Tangu mwaka 1993 kumekuwa na jedwali la watafiti wa Marekani linalopanga shughuli za binadamu kwa kulinganisha nguvu zinazotumika na zile za mtu aliyekaa ametulia. Kukaa ni 1. Kumwagilia bustani umesimama ni 1.5. Kung'oa magugu bila papara ni kama 3.5, na kupalilia kwa jembe kwa bidii ni 5. Unazidisha namba hiyo kwa kilo za mwili wako, kisha kwa saa ulizofanya kazi, unapata kalori. Mtu wa kilo 70 akipalilia kwa jembe saa nzima mfululizo anapata 350.

Sasa tuiangalie hiyo saa nzima. Nani analima bustani ya nyuma ya nyumba kwa saa nzima mfululizo? Tuseme ameshika jembe dakika 15, akang'oa magugu kwenye matembele dakika 20, na dakika 25 zilizobaki alikuwa anamwagilia huku akisalimiana na wapita njia. Kwa kilo 70 zile zile, jembe linampa kama 88, magugu kama 82, maji kama 44. Jumla 214. Lakini hata angekaa barazani saa hiyo bila kugusa kitu, mwili wake ungetumia 70, na hizo ameshazila kwenye chakula chake cha kila siku. Kilichoongezwa na bustani ni kama 140. Programu nyingi haziziondoi hizo 70, na ukiiandikia neno "bustani" tu, inakupa wastani wa shughuli zote, ambao kwa mtu huyu unazidi 260. Chapati moja ya mafuta yenye gramu 100 ina karibu kalori 300. Kwa hiyo kazi yake yote ya asubuhi imelipia nusu chapati, na nusu hiyo isiwe na kipande cha nyama.

Kuna na jasho. Januari pwani ya kusini hewa ni nzito, mtu hulowa shati kabla hata hajamaliza tuta moja, na huamini mafuta ndiyo yanayotoka. Yanayotoka ni maji na chumvi. Mizani ikishuka baada ya kazi ya namna hiyo, glasi chache za maji zitaipandisha tena, na ndivyo inavyotakiwa.

Wenye saa janja nao wasijione wamepona. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya kuvaa mkononi. Mapigo ya moyo vilisoma vizuri kwa sehemu kubwa. Kwenye kalori, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93.

Pamoja na hayo, anayehesabu ana hoja moja ambayo wapinzani wake hawaijibu vizuri. Vitu vidogo hujumlishana. Kalori 140 kila siku kwa mwaka ni zaidi ya 51,000, na kilo moja ya mafuta ya mwilini hukadiriwa kubeba kama 7,700. Kwa karatasi, hizo ni kilo sita na nusu. Mwilini hazitafika huko, kwa sababu nitakazozieleza, lakini hata theluthi yake si haba kwa mtu ambaye kutwa nzima anakaa ofisini na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Halafu hesabu humfungua mtu macho. Aliyewahi kupiga mahesabu hata mara moja hawezi tena kudhani kwamba kushika mpira wa maji dakika kumi ni mazoezi.

Tatizo ni kwamba upande wa pili wa hesabu, ule wa chakula, ndio wenye giza zaidi, na majumbani kwetu hakuna anayeupima. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120. Mpishi akimimina kwa jicho, vijiko viwili huzidi au hupungua bila mtu kujua, na kazi yote ya bustani imeishia sufuriani. Korosho ndiyo usiseme. Gramu 100 zina zaidi ya kalori 550, na mtu aliyekaa mbele ya taarifa ya habari na bakuli la korosho za kukaanga hahesabu gramu. Bado hatujafika kwenye mchuzi wa tui.

Nilisema kilo zile sita na nusu hazitafika, kwa sababu mwili nao una mambo yake. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, watu wanaotembea na kuchimba mizizi kila siku. Vipimo vilifanywa kwa maji maalumu ambayo mtu huyanywa, kisha mkojo wake ukaonyesha nguvu alizotumia kwa siku nzima. Ukizingatia ukubwa wa miili, Wahadzabe walitumia kalori sawa na watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Haina maana kwamba kuchimba hakutumii nguvu. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili uliozoea kazi hubana matumizi mahali pengine. Kwa mtu wa Shangani anayetaka kupungua, hiyo ni sababu nyingine ya kutozirudisha mezani kalori za bustani. Azifanye akiba isiyoguswa, na kama ni lazima apime kitu, apime kiuno chake kwa futi ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi.

Namtoa kwenye ushauri huu mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari. Jembe linaweza kuishusha sukari yake kupita kiasi, hata saa kadhaa baada ya kazi. Huyo kula kulingana na kazi ni suala la usalama, apange na daktari wake, na aingie bustanini akiwa na kitu kitamu mfukoni.

Ukitoka mjini ukapanda kuelekea Newala na Tandahimba, au ukaenda Nachingwea na Ruangwa upande wa Lindi, jedwali lile lile linasomeka kinyume. Mtu wa kilo 55 aliyeshika jembe kwa saa nne za kweli anatumia kama kalori 1,100. Ukitoa zile za kukaa, zinabaki 880. Kuzirudisha kwa unga wa mahindi kunataka karibu robo kilo ya unga mkavu, na kwa muhogo wa kuchemsha ni zaidi ya nusu kilo. Tuchukue kwamba mwili wake umezoea na umebana matumizi. Bado si kazi ya kuifanya kwa chai ya rangi na kipande cha muhogo wa jana. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, FAO na WHO, kuhusu mahitaji ya nguvu ya binadamu humweka mkulima wa jembe la mkono kwenye kundi la juu kabisa, anayetumia mara mbili au zaidi ya zile za mwili uliotulia siku nzima.

Na kalenda inamgeuzia mgongo. Fedha za korosho huanza kuingia Oktoba minada inapofunguliwa. Palizi ya mahindi na mihogo inashika kasi Januari na Februari, mvua zimekolea, ghala linaelekea mwisho na chakula kipya bado kiko shambani. Kumwambia mtu wa msimu huo "kula kiasi" ni ushauri uliopotea njia. Huyu ndiye wa kumwekea korosho zilizobanguliwa mfukoni: konzi ya gramu 30 ina kama kalori 165 na protini ambayo kwenye muhogo ni kidogo sana, na haihitaji moto. Mbaazi na kunde pia zingemfaa. Bahati mbaya, korosho nyingi huwa zimeshauzwa ghafi zamani.

Majedwali yanaishia shambani, kazi haiishii huko. Mama akitoka kwenye palizi anasubiriwa na ndoo za maji, kuni na kinu, na kutwanga nako ni kazi nzito. Mara nyingi ndiye anayepakua, na sahani yake huja mwisho, na kilichobaki. Kama kuna mtu katika mikoa hii miwili wa kukadiria kalori za jembe na kula kadiri ya makadirio hayo, ningeanza na huyu, hasa akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Kunyonyesha peke yake kunamdai kama kalori 500 za ziada kwa siku, na hapo hajashika jembe.