Barua ya Rosa, barua za Lara Jean

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), binti wa Ukerewe anapata barua ya kijana aitwaye Charles. Baba yake anaigundua, na Rosa anapigwa kipigo asichokisahau. Miaka zaidi ya arobaini baadaye, katika riwaya ya Jenny Han wa Marekani, To All the Boys I've Loved Before (2014), msichana wa miaka 16 aitwaye Lara Jean ana barua tano za mapenzi alizoziandika na kuzificha, na siku moja zinawafikia wavulana wenyewe. Anaona aibu ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Anakimbia, anadanganya, anachekwa. Kesho yake anaamka na kwenda shule.

Rosa anaishia kujiua.

Nimeanza na barua hizi kwa sababu kila nikisikia mwalimu au mzazi akiviita vitabu vyepesi vya mapenzi upuuzi wa kupotezea muda, huwa namkumbuka Rosa. Wasichana wetu wamevisoma tangu zamani. Mabwenini Kenya na Tanzania vilizunguka vya Mills & Boon, kampuni ya Uingereza ya riwaya za mapenzi, havina majalada, vimefichwa ndani ya daftari la jiografia. Siku hizi ni simulizi za WhatsApp zinazokatika penye utamu kwa neno "itaendelea". Kiu ni ile ile.

Wanaoviogopa wana sababu, na si ndogo. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba Tanzania hakuruhusiwa kurudi kwenye darasa la shule ya serikali. Mzazi aliyeona binti wa jirani akibaki nyumbani na mtoto mgongoni, huku aliyempa mimba akipita barabarani, hawezi kulaumiwa akikiona kitabu cha mapenzi kama njiti ya kiberiti. Tena vitabu hivi huficha gharama. Humkuti msichana aliyekosa nauli akapanda bodaboda kwa ahadi, wala anayenunuliwa chipsi leo ili adaiwe kesho. Mapacha wa Sweet Valley High, mfululizo ulioanza 1983, ni wa California, wana nywele za dhahabu na umbo lililosifiwa kitabu baada ya kitabu. Msichana wa Singida alijilinganisha na nani alipowasoma? Na vile vya zamani vya Mills & Boon vilikuwa na ubaya zaidi: mara nyingi mwanamume alimbusu kwa nguvu mwanamke anayekataa, na mwandishi akaliita hilo penzi. Hapo sina utetezi.

Lakini tazama tulichowawekea mezani badala yake. Bahati wa riwaya ya Kiu (1972) anapenda, na mpenzi wake Idi anamfanya chambo cha kunasia mali ya mzee Mwinyi. Maimuna wa riwaya ya Utengano (1980), aliyefungiwa ndani na baba yake, anatoroka na njia inampeleka danguroni. Na Rosa ndiye huyo. Ni kazi kubwa, zimeandikwa na mabwana wa lugha, na nitazitetea popote. Ila msichana wa miaka 15 anayezisoma mfululizo kwa ajili ya mtihani anaondoka na somo ambalo halimo kwenye mtaala: kwamba msichana akipenda, atalipa. Atalipa kwa mwili, kwa jina, au kwa roho yake.

Riwaya nyepesi inamwonyesha msichana aliyependa na bado yu hai ukurasa wa mwisho. Amekosea, amesemwa, amelia chooni, na yu hai. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo naona linapuuzwa. Watu hudhani msomaji anamfuata yule mvulana mzuri, kumbe mwisho anaujua tangu ukurasa wa tano. Anachokisoma kwa hamu ni katikati: mvulana akisema hivi, ninajibu nini? Nikikataa, atanuna au atanisikiliza? Lara Jean na Peter, mmoja wa wavulana waliofikiwa na barua zile, wanakaa na kuandikiana mkataba wa uchumba wao wa uongo, kwa karatasi na kalamu. Katika filamu ya 2018, msichana anasema hataki kubusiwa, na sharti hilo linaandikwa. Ni mchezo wa kuchekesha, lakini ni wasichana wangapi wa umri huo wamewahi kuona "sitaki" ya msichana ikiandikwa na kuheshimiwa? Na Lara Jean huyo mama yake alikuwa Mkorea. Nywele za dhahabu si sharti tena.

Kezilahabi mwenyewe, nikimsoma vizuri, hakuandika kwamba barua ya mapenzi inaua. Alimwandika msichana aliyelelewa kwa fimbo, asiyejua azungumze vipi na mvulana, kisha akaachiwa ghafla chuoni Morogoro bila zoezi lolote. Kitabu chake kilipigwa marufuku shuleni kabla ya kuja kufundishwa humo. Zoezi alilolikosa Rosa ndilo hawa wasichana wanalolitafuta kwenye vitabu tunavyowanyang'anya. Ninachotamani ni kwamba walipate kwa Kiswahili, kwenye daladala na foleni ya maji, na nauli ikiwa suala.

Nilipokuwa kidato cha pili, kilitufikia kitabu cha aina hiyo kilichochanika kurasa za mwisho. Mwenzetu aliyelala juu kwenye dabo deka akajitolea kutusimulia mwisho wake taa zikizimwa. Kila usiku aliubadilisha. Mara walioana, mara msichana alimwacha mvulana akaenda kusomea udaktari, mara walikutana uzeeni stendi ya basi. Hakuna usiku hata mmoja aliomwua.