Usipokuja, utanilipa

Ujumbe wa kuvunja miadi huwa na sura moja. Unaingia dakika arobaini kabla ya kikao, unaanza na "samahani sana daktari" (mimi si daktari, ni mshauri nasaha, lakini nimechoka kusahihisha), unataja "dharura kidogo", kisha unafungwa kwa viganja viwili vya kuomba radhi. Kufikia hapo mimi nishafika Kilimani, Nairobi. Mwenye ofisi nishamlipa kodi ya saa ile, viti nimevigeuza visitazamane ana kwa ana, tishu ziko mezani. Hakuna binadamu nitakayempigia simu saa hiyo nimwambie njoo haraka ulie, nafasi imepatikana.

Huwa ninajibu: "Pole, tuonane wiki ijayo." Na ada ya kikao hairudi.

Najua wengi wenu mnaona huo ni ukatili. Nimeshaambiwa kwamba mshauri nasaha anayemtoza mtu mwenye msongo wa mawazo kwa kukosa kuja hana tofauti na wale wa mikopo ya simu. Ninachotaka kusema leo ni kwamba ada hiyo ni halali na ni ya haki, mradi imesemwa mapema, inambana mshauri kama inavyombana mteja, na haitumiki kama fimbo. Zikikosekana hizo, hapo nitakubaliana nanyi kuhusu ukatili.

Tuanze na hesabu, maana ndipo watu wanaponichanganya na mtu wa mshahara. Mshauri aliyeajiriwa na hospitali au shule, mteja asipokuja, anakunywa chai, anamalizia ripoti zake, na mwisho wa mwezi benki inamkumbuka. Aliyejiajiri anauza kitu kimoja tu, saa, na saa haiwekwi stoo. Tuseme kikao ni shilingi 3,500 na chumba kinakodishwa kwa shilingi 1,000 kwa saa. Tuseme kwa wiki ana vikao 15, idadi ambayo ukiipita sana unaanza kumsikiliza mtu huku akili iko kwa aliyetoka. Vitatu vikianguka, moja ya tano ya mapato ya wiki imekwenda, na kodi haijapungua hata ndururu. Bado kuna leseni, kuna mafunzo ya kuendeleza taaluma, na kuna msimamizi ninayemlipa mwenyewe ili naye anisikilize mimi. Basi la Mombasa la usiku huondoka na kiti chako kitupu, na sijasikia abiria aliyerudi stendi asubuhi kudai nauli kwa sababu alipitiwa na usingizi.

Hoja hii si ya jana. Mwaka 1913 Sigmund Freud, daktari aliyeasisi tiba ya maongezi, akiwa Vienna, aliandika nasaha kwa madaktari wanaoanza tiba hiyo. Akasema kila mgonjwa anapewa saa yake maalumu. Ni mali yake, na anawajibika kuilipia hata asipoitumia. Akaongeza kwamba walimu wa muziki na wa lugha katika jamii ya waungwana walikuwa wakifanya hivyo hivyo na hakuna aliyeshangaa. Hakuona haya kusema kwamba alipolegeza kamba, kukosa "kwa bahati mbaya" kuliongezeka hadi riziki yake ikatishiwa, na alipoikaza, zile bahati mbaya zikapotea karibu zote.

Mimi siendi mbali kama yeye. Alikuwa akionana na wagonjwa wengi siku sita kwa wiki, na wateja wake walikuwa watu wa uwezo, si wa kupanda matatu kutoka Kayole. Na hata yeye, mtu akiugua kweli, ugonjwa wa mwili, alisimamisha tiba, akaiuza saa ile kwa mwingine, na kumpokea tena mgonjwa nafasi ilipopatikana. Kilichonivutia kwake ni ile ya kuiita saa mali ya mteja. Ukilielewa hivyo, swali la adhabu halipo. Hujatozwa kwa kosa, umelipia kitu chako ambacho hukukitumia.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama utaratibu utafanya kazi. Kuna utafiti maarufu uliochapishwa mwaka 2000 na wanauchumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini. Walichunguza vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Katika vituo 6 wakaanzisha faini ya shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika kumi. Wachelewaji hawakupungua, waliongezeka karibu maradufu. Faini ilipoondolewa, tabia haikurudi ilipokuwa. Awali mzazi alichelewa kwa aibu, akimwonea huruma mwalimu aliyebaki na mtoto getini. Faini ikamwondolea aibu: sasa nimelipa, shida iko wapi?

Wenzangu wanaotoza nusu ya ada, au "shilingi 500 za usumbufu", wanafanya walichofanya Haifa. Wanamuuzia mteja ruhusa ya bei nafuu ya kukwepa kikao kigumu. Na vikao vigumu ndivyo vinavyokwepwa. Kila mshauri anaujua mtindo huu: mteja amekuja wiki sita bila kukosa, wiki ya saba anasema jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu, analisema dakika tatu kabla ya muda kwisha, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa. Wiki ya nane kuna dharura kidogo. Wiki ya tisa gari limeharibika, na kumbe hana gari.

Kumtoza mtu huyo shilingi 500 kisha kunyamaza ni kumsaidia kufunga mlango. Kutomtoza kabisa na kusema "hakuna shida, karibu tena" nako ni kuufunga, tena kwa upole zaidi. Ninachofanya ni kutoza kikao kizima kama tulivyokubaliana, halafu akirudi tunaanzia hapo. Wiki iliyopita hukuja. Ilikuwaje? Mara nyingine jibu ni foleni ya Thika Road tu, na tunaendelea. Mara nyingine mtu ananiambia kwamba alifika hadi langoni, akakaa ndani ya teksi, akamwambia dereva ageuze. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko vikao vingi tunavyovimaliza vizuri. Na anakuwa na haki ya kunikasirikia kwa pesa zake pia, jambo ambalo kwa watu waliolelewa kutomkasirikia mkubwa yeyote si dogo.

Sasa haki ya upande wa pili. Uingereza wana sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015, na ndani yake iko orodha ya masharti yanayoweza kuhesabiwa kuwa ya dhuluma. Mojawapo ni sharti linalomruhusu mfanyabiashara kubaki na pesa za mteja aliyejitoa, bila mteja kupata fidia ya kiasi hicho hicho pale mfanyabiashara mwenyewe anapovunja makubaliano. Ningependa kila mshauri wa Nairobi abandike hilo ukutani. Sisi tunavunja miadi sana kuliko tunavyokiri: warsha imeitishwa ghafla, mtoto ana homa, chumba kimeuzwa mara mbili na mwenye ofisi. Kwangu, nikikuvunjia miadi ndani ya saa 24, kikao kinachofuata hulipi. Mshauri anayedai saa 24 kwa mteja lakini yeye akituma "samahani dear" saa mbili kabla, huyo ndiye wa mikopo ya simu.

Hizo saa 24 za kunijulisha kabla ya kikao zinahesabiwa tangu ujumbe ulipotumwa, si nilipousoma. Imeandikwa kwenye karatasi tunayosoma pamoja siku ya kwanza, na ninaisoma kwa sauti, kwa sababu karatasi za namna hiyo watu husaini kama wanavyosaini fomu za benki. Kanuni za maadili za wanasaikolojia wa Marekani zinataka mambo ya malipo yakubaliwe mapema iwezekanavyo. Hapa Kenya tangu sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014 tunatakiwa kusajiliwa, lakini hata kama usajili usingekuwapo, kumshtukiza mtu aliyekuja na maumivu kwa bili asiyoijua ni utovu wa adabu.

Yapo yanayosamehewa, na yamo kwenye karatasi hiyo hiyo ili yasitegemee nimeamkaje. Msiba. Kulazwa. Mtoto kuugua. Siombi cheti cha hospitali wala picha ya kaburi. Ndiyo, kuna watu wamezikwa zaidi ya mara moja katika daftari langu la miadi, lakini afadhali nidanganywe kuliko niwe mshauri anayemdai mfiwa ushahidi. Yanaingia pia mambo ya umma. Jumanne ya tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia bungeni kupinga mswada wa fedha, ningekuwa mwendawazimu kumwambia mtu avuke katikati ya jiji lenye vitoza machozi ili asipoteze ada. Mvua za Aprili mwaka huo huo zilizofunga barabara, vivyo hivyo. Kwa foleni ya kawaida tuna dawa: saa yako bado ni yako, nipigie simu tufanye kikao ukiwa umeegesha pembeni. Watu wanadharau kikao cha simu, lakini nimesikia mambo mazito yakisemwa ndani ya gari lililoegeshwa pale kituo cha mafuta kuliko kwenye kiti changu.

Kuhusu kudai deni, ushauri wangu ni mmoja: usifike huko. Mshauri ana mikono iliyofungwa. Siwezi kumpigia mkeo. Siwezi kutuma ujumbe unaoweza kusomwa na mwanao ukisema "unadaiwa kikao cha Alhamisi". Mahakama ya madai madogo ipo na inapokea madai hadi shilingi milioni moja, lakini nikienda kule nimeshatangaza kwamba fulani bin fulani alikuwa anakuja kwangu, na siri hiyo thamani yake inazidi shilingi 3,500. Kwa hiyo malipo yangu yanaingia jioni ya kuamkia kikao, kwa namba ya till. Na jina la biashara linalotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa lichagueni kwa busara. Kuna nyumba ambazo neno "counselling" kwenye simu ya baba linaweza kuanzisha vita.

Jambo jingine dogo la bima, kwa sababu linaulizwa kila mara. Bima hulipia huduma iliyotolewa. Mteja aliyekosa kuja huniomba niandike stakabadhi kana kwamba alikuja, arudishiwe pesa zake. Jibu ni hapana. Ninaandika "miadi iliyokosekana", naye ajue tangu siku ya kwanza kwamba hiyo inatoka mfukoni mwake.

Linalobaki ndilo gumu, nalo ni la wasio na uwezo. Nina nafasi chache za bei ya chini, kwa wanafunzi, walinzi, na akina mama wanaofua nguo za watu. Huko hesabu yote niliyoifanya hapo juu haifai. Kumtoza mama fua kwa siku ambayo mwajiri alimpigia saa kumi na mbili asubuhi akamwambia njoo leo au usije tena, ni kumtoza kwa sababu ya umaskini wake. Lakini nafasi hizo pia ndizo zenye foleni ndefu zaidi, na saa moja ikipotea pale, anayeumia si mimi, ni yule wa tano kwenye orodha anayengoja tangu Februari.

Kwa hiyo huko siuzi saa kabisa. Hakuna ada ya kukosa, hakuna saa 24. Anayepata kazi ya ghafla ananitumia ujumbe hata dakika kumi kabla, "madam leo nimeitwa", basi, imekwisha. Anayekosa mara mbili mfululizo bila neno lolote, nampigia mara moja kuhakikisha yu salama. Akipokea na kusema yuko sawa ila mambo yamembana, nafasi inamwendea anayefuata, naye anaingia mwisho wa orodha, bila deni.