Nembo moja, matone mawili

Kirumba, Mwanza, saa nne asubuhi. Kijana mwenye kizibao anasimama mbele ya kibanda cha mama lishe, anajitambulisha kuwa mkaguzi wa taasisi moja ya umma. Mama habishani naye. Anamtazama kifuani, anafungua kopo la chumvi ambamo hutunza karatasi zake, anatoa stakabadhi ya mwaka jana. Nembo ya stakabadhi ni tone la bluu. Ya kizibao ni tone hilohilo, ila la kijani, na herufi zimenenepa. "Mwanangu, wewe ni wa ofisini au kishoka?"

Alikuwa wa ofisini kweli. Simu ilipigwa, ikathibitika. Kizibao kilishonwa na mzabuni wa awamu nyingine, basi.

Kuna wanaosema suala la nembo ni anasa, na hoja yao si nyepesi. Fedha ya mabango ni fedha ileile ya mafuta ya gari la ukaguzi. Tena majina yenyewe hayatulii: Sumatra, mamlaka ya zamani ya usafiri wa nchi kavu na majini, majini ilipisha TASAC, shirika la uwakala wa meli, na mwaka 2019 nchi kavu ikaja LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kila mabadiliko ya namna hiyo yana mihuri, magari, fulana na mabango yake, na bado abiria wa Buzuruga atakwambia "nitawashtaki Sumatra". Wengine huuliza: si tunayo Ngao ya Taifa? Ile bibi na bwana inatosha. Haitoshi. Inakwambia huyu ni Serikali, haikwambii ni ofisi ipi wala umlalamikie nani.

Kinachonielemea zaidi ni yule mama. Nembo yoyote inaigwa, thabiti au isiyo thabiti. Mtu mwenye kompyuta na printa haimchukui mchana mzima. Tofauti ni kwamba nembo za kweli zikiwa za aina tano, ya sita haishtui mtu. Tapeli hahitaji hata kuiga vizuri. Ofisi imekwisha kuwazoesha watu kwamba rangi hubadilikabadilika.

Kwa hiyo nasimama upande wa mwongozo mmoja wa nembo kwa kila ofisi, ila mwembamba: rangi mbili zenye namba zake, aina moja ya herufi, na faili moja la nembo ambalo kila mzabuni hupewa badala ya kupiga picha bango la getini. Usafiri wa chini ya ardhi wa London umebaki na herufi za mchoraji Edward Johnston tangu 1916, zimerekebishwa, hazikutupwa. Gharama kubwa ipo kwenye kubadilisha. Na hapa kwetu ningeomba pia kila ofisi isilazimishe Jiwe la Bismarck, ule mwamba wetu wa ziwani, na sangara kwenye nembo yake. Tunalipenda, lakini likiwa la kila mtu halimtambulishi yeyote.

Utaratibu nao una uzito. Ofisi nyingi huanza na bango la geti, kwa sababu ndilo mgeni rasmi atapigia picha. Mimi ningeanza na kizibao na stakabadhi, vitu vinavyofika mlangoni kwa mtu, na geti lisubiri rangi yake ichakae. Akiba ya karatasi za zamani imalizike kwanza, tarehe ya mwisho itangazwe redioni.

Mama lishe ameitoa stakabadhi yake koponi. Ameibandika ukutani, juu ya meko, imeanza kushika moshi. Tone la bluu linaelekea kijani.