Kwa nini tunamshangilia mpigaji

The Wolf of Wall Street, sinema ya Martin Scorsese iliyotoka Desemba 2013, ina urefu wa saa tatu, na kwa sehemu kubwa ya saa hizo watu wanakula bata. Leonardo DiCaprio anaigiza Jordan Belfort, dalali wa hisa wa New York ambaye katika miaka ya 1990 aliwaliza watu kupitia kampuni yake, Stratton Oakmont. Kuna boti, helikopta, dawa za kulevya, makahaba ofisini, na noti zinazogandishwa mwilini mwa mwanamke kwa gundi ya utepe ili zivuke hadi Uswisi. Zaidi ya miaka kumi imepita, na vijana wa Mwanza bado wanapeana sinema hii kwa flashi na kwa simu. Wanakata vipande vyake na kuviweka status, hasa kile cha Belfort akiwa na kipaza sauti mbele ya wafanyakazi wake, akiapa kwamba haondoki. Ubishi nao ni uleule uliokuwepo siku ilipotoka: inamsema mwizi au inamsifia?

Wanaoilaumu hawakosi hoja. Januari 2014 bodi ya uainishaji wa filamu ya Kenya iliipiga marufuku kwa sababu ya uchi, ngono, dawa na matusi. Marekani kwenyewe, watazamaji wa mwanzo walipohojiwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa alama C, ambayo kwa sinema yenye jina la DiCaprio ni aibu. Hata hivyo iliingiza zaidi ya dola milioni 390 duniani, ikateuliwa kuwania Oscar tano na kurudi mikono mitupu. Yaani watu waliinung'unikia huku wakiikatia tiketi. Na sote tunajua marufuku huwa inafanya nini kwa biashara ya CD za kuchoma.

Kwa maoni yangu bodi ya Kenya ilikamata asiye na hatia. Uchi wa sinema ile unachosha. Ikifika saa ya pili hata mwenye hamu anaanza kuangalia muda uliobaki. Kinachobaki kichwani ni hotuba. Belfort anawaambia vijana wake kwamba kama wana madeni, vizuri. Kama mwenye nyumba anataka kuwafukuza, vizuri pia. Dawa ni kunyanyua simu na kuanza kupiga. Kijana wa Igoma anayedaiwa kodi ya chumba na marejesho ya pikipiki ya mkataba anaisikia hotuba ile kana kwamba iliandikwa kwa ajili yake. Hakuna bodi inayoweza kuizuia hotuba, kwa sababu haina uchi.

Mbinu yenyewe ya wizi ni nyepesi kuliko kelele zake. Belfort na wenzake walijilimbikizia hisa za makampuni madogo yasiyo na thamani, mara nyingi kwa majina ya watu wengine, kisha vijana wakapiga simu kutwa nzima kuwashawishi watu wanunue. Bei ilipopanda kwa nguvu ya simu hizo, wao waliuza zao na kuondoka, na aliyenunua mwisho akabaki na karatasi. Aliyewahi kuona karata tatu zikichezwa stendi anaijua kazi hiyo: wanaoshinda raundi za mwanzo ni wenzake mwenye karata.

Kipande kinachostahili mjadala kuliko helikopta zote ni kile cha simu ya kwanza. Belfort amepoteza kazi ya mjini, ameangukia kiofisi cha pembeni kinachouza hisa za senti. Anampigia mtu mmoja na kumwelezea kampuni ambayo, sisi watazamaji tunaonyeshwa, ni kibanda tu. Wenzake wanaacha kazi zao kumsikiliza. Yule wa upande wa pili anakubali kuweka dola 4,000, na nusu yake ni kamisheni ya Belfort. Ofisi nzima imepigwa butwaa. Watazamaji wanacheka, nami nilicheka, kwa sababu jamaa anajua kuongea.

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, pale Kirumba, aliitazama na wanawe. Kuhusu kipande hicho aliuliza jambo moja tu: huyo wa kwenye simu alikuwa na familia? Wanawe wakamwambia, mama, hayo hayamo, tulia uangalie.

Kweli hayamo. Kwa saa tatu hatumwoni hata mmoja wa walioibiwa akikaa mezani na mkewe kumweleza hela zimekwenda wapi. Hii ndiyo lawama nzito kuliko ya matusi, na wapo Wamarekani walioisema tangu mwanzo. Wanaoitetea wanajibu kwamba msimulizi ni Belfort mwenyewe, na kwa kuwa yeye hakuwaona watu aliowaibia, mtazamaji naye hawaoni. Ukishtuka kwamba ulikuwa unacheka, kazi ya sinema imetimia. Wanaongeza, na ni kweli, kwamba Scorsese hamwachi jamaa akiwa amependeza. Kuna pale dawa zinapomlegeza anaburuzika chini hadi kwenye gari lake kama mtoto ambaye bado hajasimama. Kuna pale anapompiga mkewe na kumchukua binti yake kwenye gari huku akili hana. Mwishoni kabisa Belfort wa kweli anatokea jukwaani kumkaribisha Belfort wa kuigiza, na kamera inawageukia waliokaa ukumbini, nyuso za watu waliolipa ili wafundishwe kuuza. Ukumbi ule ni sisi. Sijui kama kuna njia kali zaidi ya kumtukana mtazamaji.

Tatizo ni kwamba tusi hilo linamfikia anayekaa hadi dakika ya mwisho na kutafakari. Anayetazama kwa vipande vya status halimfikii kamwe.

Kuna kioja kimoja cha pembeni ambacho siwezi kukiacha. Sinema hii ilitengenezwa na Red Granite, kampuni iliyoanzishwa na Riza Aziz, mtoto wa kambo wa Najib Razak, aliyekuwa waziri mkuu wa Malaysia wakati huo. Waendesha mashtaka wa Marekani walidai baadaye kwamba fedha za kuitengenezea zilichotwa kwenye 1MDB, mfuko wa maendeleo wa Malaysia, na mwaka 2018 Red Granite ilikubali kulipa dola milioni 60 ili shauri liishe. DiCaprio naye alikabidhi kwa serikali zawadi alizopewa, ikiwemo sanamu ya Oscar iliyowahi kuwa ya Marlon Brando. Kama madai yale ni ya kweli, basi wananchi wa Malaysia ndio waliowalipia wenzao wa dunia nzima kiingilio cha kumtazama mpigaji.

Turudi kwa mama wa dagaa. Ingekuwa rahisi kusema: basi walioumia waonyeshwe, na mtazamaji atajua wa kumwonea huruma. Sisi wa Mwanza tuna sababu ya kutolipokea jibu hilo haraka. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa Darwin's Nightmare, filamu ya maisha halisi iliyopigwa hapahapa kwetu, ambayo wengi tunaijua kama filamu ya mapanki. Njia yake ilikuwa kinyume kabisa na ya Scorsese. Minofu ya sangara inapaa kwenda Ulaya kwa ndege kubwa za mizigo, lakini kamera haimfuati anayetajirika. Inabaki kwa watoto wa mitaani, kwa wasichana wanaokaa na marubani, kwa wanaokausha mapanki, vile vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa viwandani. Ikadokeza pia kwamba ndege hizo zinakuja na silaha.

Filamu iliteuliwa kuwania Oscar. Huku nyumbani, Rais Kikwete aliilaani katika hotuba yake ya mwisho wa Julai 2006, watu wakaandamana Mwanza kuipinga, na ubishi ukahamia kwenye swali la kama mapanki ni chakula cha watu au cha kuku. Baadhi ya hasira ile ilikuwa ya haki. Jambo zito kama la silaha halistahili kuachwa kwenye dokezo, na hakuna mji unaopenda kuonyeshwa kana kwamba wakazi wake wote wanaishi jalalani. Wenye viwanda, wavuvi na wachuuzi waliogopa soko la Ulaya lingefungwa, na hofu ya riziki si jambo la kudharau. Lakini nakumbuka jinsi mazungumzo ya mitaani yalivyokwenda. Wachache walimzungumzia mtoto wa mtaani. Wengi walizungumzia sura ya jiji. Walioumia walionyeshwa waziwazi, tena kwa majina na nyuso, na sisi tukaona tumevuliwa nguo.

Kwa hiyo siamini kwamba Scorsese angeongeza nusu saa ya wastaafu wanaolia, vijana wa Kirumba wangeacha kumpenda Belfort. Pengine wangesogeza mbele.

Nadhani mzizi uko kwenye namna tunavyomchukulia mtu aliyepigwa. DECI, taasisi ya upatu iliyokuwa ikiongozwa na wachungaji, iliwaambia watu wapande fedha ili baadaye wavune. Fedha za aliyeingia leo zilimlipa wa jana, hadi serikali ilipoisimamisha mwaka 2009. Wapo wanachama waliomkasirikia aliyeisimamisha kuliko aliyewapanga foleni, kwa hoja kwamba zamu yao ya kuvuna ilikuwa imekaribia. Mwaka 2020 mkurugenzi wa Mr Kuku Farmers alifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuendesha upatu wenye sura ya ufugaji. Benki Kuu inatoa onyo, na bado linakuja jina jipya. Kila mara, uliza mtaani kwako nani aliliwa. Utatajiwa jirani, shemeji wa mtu, watu wa Buhongwa, walimu wa shule fulani. Anayesema "mimi" ni nadra, kwa sababu mjini aliyepigwa ni mshamba, na aliyepiga ni mjanja ambaye bahati yake iliisha.

Upatu una ubaya mwingine ambao udalali wa Belfort hauna kwa kiwango hicho. Dada aliyepoteza laki tano zake huwa ameshamwingiza mama yake mdogo na majirani wawili. Amelizwa, na ameliza. Ataanzia wapi kulalamika? Hapo ndipo ninapoikubali sinema hii kuliko wanaoilaumu wanavyotaka. Vijana wa Stratton Oakmont hawakuzaliwa na hela. Ni watoto wa mtaani kwao, wauza bangi, watu wasio na shahada za maana, ambao walipewa karatasi ya maneno ya kusoma kwenye simu na wakagundua kwamba maneno yanalipa. Scorsese alielewa kwamba wizi mkubwa unahitaji ofisi nzima ya watu wa kawaida wenye shida za kawaida, na kwamba ofisi hiyo inaweza kuwa na furaha ya kweli kabisa. Anayetaka tuichukie ofisi ile tangu dakika ya kwanza hajui watu wanaingiaje.

Mahali ninapoachana na watetezi wake ni kwa yule mpelelezi wa FBI. Kuna pale Belfort anapomkaribisha kwenye boti, anajaribu kumpima kama anahongeka, na ikishindikana anamrushia kamba-mti na noti huku akimkejeli kwamba atarudi nyumbani kwa treni. Karibu na mwisho tunamwona kweli yuko kwenye treni, amekaa na watu waliochoka, baada ya kushinda kesi. Wachambuzi wengi wanasema mizani ya sinema iko hapo: mtu mwadilifu, mshahara wake, safari yake ya kila siku. Huenda New York wanamwona hivyo. Huku kwetu mtumishi wa umma anayepanda daladala kutoka Nyegezi hadi mjini, asiye na kiwanja wala gari baada ya miaka ishirini kazini, haheshimiwi hata na ndugu zake. Watamuuliza kwenye vikao vya ukoo alikuwa anafanya nini ofisini. Mtazamaji wa hapa anapomwona mpelelezi kwenye treni hamwonei fahari; anamwonea huruma, na huruma hiyo ni kura kwa Belfort. Scorsese hakulitegemea hilo, na sidhani kama angeweza. Lakini ndivyo sinema inavyosomeka ikitua Mwanza.

Kisha kuna hesabu ya adhabu. Mwaka 2003 Belfort alihukumiwa kifungo cha miaka minne, akatumikia miezi 22, na aliamriwa kuwarudishia walioibiwa takriban dola milioni 110. Tulipokuwa tunalijadili hilo, kijana mmoja alitoa simu akagawanya milioni 110 kwa miezi 22, akapata dola milioni tano kwa kila mwezi wa gerezani. "Mimi naenda leo," akasema, tukacheka wote. Nikamkumbusha kwamba hizo ni za kurudisha. Akaniuliza, karudisha ngapi? Nikamwambia kwamba kufikia mwaka 2018 waendesha mashtaka walikuwa wanasema bado anadaiwa kama dola milioni 97. Akazidi kucheka.